Mstari Mmoja kwa Baba, Kurasa Nne kwa Binti: Kisa cha Mikataba ya Muda katika Kiwanda cha Uhispania

Kisa hiki ni cha kiwanda cha vipuri vya chuma nchini Uhispania, na cha watu watatu walioingia humo kwa milango mitatu tofauti. Majina, mkoa na wateja wa kiwanda nimeviondoa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Sheria na miaka yake nimeziacha zilivyo, kwa sababu bila hizo kisa hakieleweki.

Wa kwanza ni Mzee, aliyezaliwa 1951 na kuajiriwa 1975. Wa pili nitamwita Fundi: alizaliwa 1968, akaingia kiwandani 1987. Wa tatu ni Binti, mtoto wa kumzaa wa Mzee, aliyezaliwa 1983 na kuanza kazi 2005. Wote wamesimama mbele ya mashine zilezile na kula kwenye meza zilezile. Kilichowatenganisha ni tarehe ya kuingia, na aina ya karatasi waliyopewa kusaini siku hiyo.

Usuli

Mzee alipoajiriwa, mkataba wa kudumu ndio uliokuwa wa kawaida. Sheria ya Wafanyakazi ya 1980 ilifuata msimamo huohuo: aliyetaka kuajiri kwa muda ilimpasa awe na sababu, kama vile kazi yenyewe kuwa na mwisho. Lakini miaka hiyo viwanda vilikuwa vinafungwa, na kufikia 1984 takriban mtu mmoja kati ya watano wa nguvu kazi ya nchi hakuwa na ajira. Mwaka huo sheria ikalegezwa. Mwajiri aliruhusiwa kuajiri kwa muda hata kwa kazi ya siku zote, bila kutaja sababu, kwa mikataba ya kuanzia miezi 6 hadi jumla ya miaka 3. Mkataba ukiisha, fidia ilikuwa mshahara wa siku 12 kwa kila mwaka wa kazi.

Waliokwisha kuwa ndani hawakuguswa. Kumwachisha mfanyakazi wa kudumu bila sababu ambayo mahakama ingeikubali kuliendelea kumgharimu mwajiri mshahara wa siku 45 kwa kila mwaka wa utumishi, hadi kikomo cha miezi 42. Kwa hiyo nchi ikawa na sheria mbili za kazi chini ya paa moja. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu theluthi moja ya waajiriwa wa Uhispania walikuwa na mikataba ya muda. Hakuna nchi jirani iliyokaribia kiwango hicho.

Makubaliano ya 1986

Kiwanda kilipata oda kubwa na kikataka kufungua mstari mpya wa uzalishaji. Meneja aliiendea kamati ya wafanyakazi, ambayo Mzee alikuwa mjumbe wake, akiwa na pendekezo rahisi: waliopo hawatapunguzwa wala hawatahamishwa, ila wote watakaoajiriwa kuanzia hapo wataingia kwa mikataba ya muda.

Kamati ilikubali, na sidhani ni haki kuwalaumu wajumbe kana kwamba walikuwa wabaya. Walikuwa wameshuhudia kiwanda cha jirani kikifungwa. Walipewa usalama wao kwa maandishi, na wakaambiwa kwamba vijana wangepata kazi ambazo vinginevyo zisingekuwepo. Yote mawili yalikuwa kweli. Kilichokosekana mezani ni watu ambao makubaliano yenyewe yaliwahusu, maana walikuwa bado hawajaajiriwa. Hata baada ya kuajiriwa hawakuwa na sauti kubwa. Kwa sheria ya Uhispania, kupiga kura ya kamati kunahitaji mwezi mmoja wa utumishi, na kugombea kunahitaji miezi 6. Mwenye mkataba wa miezi 6 anafikisha sifa ya kugombea siku ambayo mkataba wake unaisha.

Makubaliano hayo hayakuwekewa tarehe ya mwisho, wala kifungu cha kuyapitia upya. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Fundi aliingia mwaka uliofuata akiwa na miaka 19 na elimu ndogo ya shule. Kazi aliipata upesi, jambo ambalo kaka zake hawakuliweza. Alisaini mkataba wa miezi 6, ukaongezwa, ukaongezwa tena. Mwaka 1990 alipotimiza miaka 3, sheria ilimlazimu mwajiri achague: kumfanya wa kudumu au kumwacha aende. Msimamizi wake wa zamu aliomba abaki. Ofisi ikaona kumfanya wa kudumu ni kubeba siku 45 kwa mwaka milele, na mtu mwingine wa siku 12 alikuwa mlangoni. Fundi akaondoka, na nafasi yake ikajazwa wiki hiyohiyo na kijana ambaye ilibidi afundishwe kuanzia kushika kipimo.

Miaka 8 iliyofuata alizunguka karakana ndogondogo. Alirudi 1998, baada ya mageuzi ya 1997 kuleta mkataba wa kudumu wa gharama nafuu zaidi, wa fidia ya siku 33, pamoja na unafuu wa michango ya hifadhi ya jamii kwa mwajiri. Hatimaye akawa wa kudumu. Lakini hati yake ya mshahara iliandika tarehe ya kuingia kuwa 1998, kana kwamba hajawahi kuukanyaga mlango ule. Juu ya hilo, kati ya 1990 na 1998 mkataba wa pamoja wa kiwanda ulikuwa umefuta posho ya utumishi wa muda mrefu kwa waajiriwa wapya na kuwabakishia waliokuwepo. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mageuzi ya 1994 yaliiacha posho hiyo mikononi mwa makubaliano ya pamoja. Kwa hiyo Mzee na Fundi walisimama kwenye mashine moja kwa malipo mawili, na tofauti yake haikupungua kadiri miaka ilivyokwenda. Iliongezeka.

Uamuzi wa 2009

Binti aliingia 2005 kupitia wakala wa ajira. Mawakala wa aina hiyo walikuwa wameruhusiwa nchini tangu 1994. Baada ya miaka miwili kiwanda kilimwajiri moja kwa moja, kwa mkataba wa kazi maalumu ambao mwisho wake ulifungwa na oda ya mteja mmoja.

Hapa kuna jambo linalohitaji kutazamwa kwa karibu. Mwaka 2006 sheria iliweka kinga: aliyefanya kazi zaidi ya miezi 24 ndani ya miezi 30 katika nafasi ileile, kwa mikataba miwili au zaidi, hata kama mmoja ni wa wakala, anakuwa wa kudumu. Maneno “nafasi ileile” ndiyo yaliyokuwa tundu. Mkataba wake wa kwanza ulimtaja kuwa mhudumu wa mashine ya kukata, na wa pili ukamtaja kuwa mkaguzi wa ubora. Asubuhi ya mkataba mpya alikaa kwenye kiti kilekile, na kalamu yake ilikuwa kwenye kopo lilelile. Kilichobadilika ni neno moja kwenye karatasi. Bunge liliziba tundu hilo 2010 kwa kuhesabu pia nafasi tofauti, lakini Binti alikuwa ameshaondoka.

Aliondoka kwa sababu mwishoni mwa 2008 oda zilianguka. Meneja alikuwa na njia tatu: kupunguza saa za kazi kwa wote kwa muda, kuachisha mchanganyiko wa wa kudumu na wa muda, au kutohuisha mikataba yote ya muda. Aliweka hesabu mezani. Kumwachisha mtu kama Mzee, mwenye miaka 34 ya utumishi, kungeweza kufika kikomo cha mishahara ya miezi 42. Kumwacha Binti aende, akiwa na miaka 2 ya mkataba wa moja kwa moja na fidia ya siku 8 kwa mwaka iliyotumika wakati huo, ni mshahara wa siku 16.

Kamati iliulizwa kuhusu kupunguza saa. Wajumbe wengi walikuwa na umri wa kukaribia pensheni, na pensheni wakati huo ilikokotolewa kwa michango ya miaka 15 ya mwisho. Waliogopa kugusa chochote katika miaka hiyo. Walipiga kura ya hapana. Mzee aliniambia kwamba alinyosha mkono pamoja na wenzake, kisha akaenda nyumbani na kukaa meza moja na binti yake bila kulitaja. Alilisema miezi mingi baadaye.

Wafanyakazi wote wa mikataba ya muda waliondoka ndani ya wiki sita. Kosa likaonekana mapema. Kiwanda kilikuwa kimenunua mashine mpya ya vipimo mwaka mmoja nyuma, na waliopelekwa kuijifunza ni vijana, kwa sababu wazee hawakuipenda. Hao vijana ndio walioondoka. Kwa miezi kadhaa vipuri vilivyokataliwa viliongezeka, na Mzee mwenye miaka 58 akapewa kitabu cha maelekezo na fundi wa kukodi wa kumfundisha. Gharama hiyo haikuwemo katika hesabu ya siku 16.

Binti angeweza kupinga. Sheria inampa mfanyakazi siku 20 za kazi kufungua shauri la kuachishwa, na kubadilishwa kwa cheo bila kubadilishwa kwa kazi kungekuwa hoja yenye nguvu. Hakupinga. Alitumaini kuitwa tena, na anayetumaini kuitwa hamshitaki anayeita. Siku 20 zikapita. Nchini, ukosefu wa ajira ulipanda kutoka takriban asilimia 8 mwaka 2007 hadi karibu asilimia 27 mwanzoni mwa 2013.

Mkutano wa 2022

Aliitwa 2014, kupitia wakala tena. Baadaye alipewa mikataba ya moja kwa moja ya kazi maalumu, mmoja baada ya mwingine. Karibu kila mwaka mkataba uliisha mwishoni mwa Julai na mwingine ukaanza Septemba, ili likizo ya Agosti isilipwe na kiwanda.

Tarehe 28 Desemba 2021 serikali ilitoa mageuzi mapya yaliyotokana na makubaliano kati yake, vyama vya wafanyakazi na waajiri. Mkataba wa kazi maalumu ukafutwa kuanzia mwisho wa Machi 2022, mkataba wa kudumu ukawa kanuni, na faini ya kutumia vibaya mikataba ya muda ikaanza kutozwa kwa kila mfanyakazi mmojammoja, kuanzia euro 1,000 hadi 10,000. Kiwanda kilikuwa na watu ishirini na kitu wa aina ya Binti. Meneja mpya, ambaye nia yake ilikuwa njema, alitangaza kuwafanya wote wa kudumu. Watu walipiga makofi.

Kisha barua zikaja. Zote ziliandika tarehe ya kuingia kuwa 1 Aprili 2022.

Kwenye kikao cha kamati Binti alikuja na karatasi mbili. Uhispania kila mfanyakazi anaweza kuomba kutoka Hifadhi ya Jamii taarifa ya historia yake ya kazi, wanayoiita vida laboral, inayoonyesha kila mkataba na siku ulipoanza na kuisha. Alitandaza kwanza ya baba yake: kwa kiwanda hicho ilikuwa na mstari mmoja, kutoka 1975 hadi kustaafu. Halafu ya kwake, kurasa nne. Jina la kiwanda na la wakala yalikuwa yanapishana ukurasa hadi ukurasa. Hakutoa hotuba. Alimwomba meneja aweke kidole mahali ambapo yeye aliacha kufanya kazi hapo kati ya 2014 na 2022. Pengo refu kuliko yote lilikuwa la wiki tano, na lilikuwa Agosti.

Mwanasheria wa chama aliongeza yaliyobaki. Mahakama za Uhispania, zikikokotoa fidia, huangalia kama mlolongo wa mikataba ni uhusiano mmoja wa kazi. Hapo zamani pengo la zaidi ya siku 20 za kazi lilielekea kuukata mlolongo, lakini Mahakama ya Juu kabisa ya nchi imekuwa ikitazama mlolongo mzima na si pengo moja. Likizo ya Agosti haifuti miaka 8. Meneja aliomba wiki mbili. Alipiga hesabu ya kwenda mahakamani na watu ishirini, akarudi na pendekezo jingine: tarehe ya kila mmoja itakuwa ya mwanzo wa mlolongo wake usiokatika, siku za wakala zikiwemo, na itahesabika kwa fidia na kwa zamu ya kuchagua likizo. Kamati ilisaini.

Matokeo

Binti sasa ni wa kudumu tangu 2014. Miaka ya 2005 hadi 2009 haikurudi. Pengo la miaka 5 lilikuwa refu mno, na dirisha la 2009 lilifungwa siku nyingi.

Hesabu ya pensheni yake nayo imebeba alama. Kwa mageuzi ya 2011, kuanzia 2027 anayetaka kustaafu na miaka 65 kwa pensheni kamili lazima awe amechangia miaka 38 na miezi 6. Asiyefikisha hungoja hadi 67. Akiwa na miaka 39, Binti alikuwa na takriban miaka 11 ya michango, hata ukijumlisha miezi aliyolipwa posho ya kukosa kazi. Akifanya kazi bila kukatika hadi 65 atakuwa na 37 hivi. Baba yake, alipokuwa na umri wa 39, alikuwa na 15 katika kiwanda hiki pekee. Benki ilimkatalia Binti mkopo wa nyumba mara mbili kwa sababu ya mkataba wake, na mtoto wake wa kwanza alimpata mwaka aliopata barua ya kudumu. Anasema mambo hayo mawili yanahusiana, nami namwamini.

Fundi, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa kamati, aliomba miaka yake ya 1987 hadi 1990 itambuliwe. Mwanasheria alimweleza wazi kwamba haiwezekani. Alisaini makubaliano yaliyowapa wenzake kile alichokikosa.

Uchambuzi

Lililofanya kazi kwanza, kwa sababu lipo. Mageuzi ya 1984 yalimpa Fundi kazi ya kwanza mapema. Watafiti waliofuatilia kumbukumbu za hifadhi ya jamii za Uhispania waliona jambo hilohilo kwa wanaume wenye elimu ndogo walioingia sokoni mara baada ya mageuzi: waliwahi kupata kazi. Lakini waliona pia kwamba miaka mingi baadaye watu haohao walifanya kazi siku pungufu kwa mwaka na kupata kipato kidogo kuliko waliowatangulia kidogo tu. Mlango ulifunguka haraka, ila uliingia kwenye chumba kingine. Italia, iliyolegeza mikataba ya muda 2001, imefanyiwa uchunguzi wa aina hiyo, nao ulionyesha kwamba jumla ya ajira haikupanda huku mapato ya vijana yakishuka.

Lililoshindwa zaidi, kwa maoni yangu, ni vizingiti. Miaka 3 ilimtoa Fundi. Miezi 24 ilimbadilishia Binti cheo. Kila mara sheria inapoweka siku ambayo mfanyakazi anakuwa ghali ghafla, siku iliyotangulia ndiyo inayokuwa hatari kwake. Japani ilipoanza 2013 kuwapa wafanyakazi haki ya kuomba mkataba wa kudumu baada ya kupita miaka 5, waajiri kadhaa walianza kukata mikataba kabla ya kufika hapo. Gharama inayopanda polepole, mwaka baada ya mwaka, isingemfukuza mtu ambaye msimamizi wake mwenyewe anamtaka.

Jingine ni nani anapiga kura. Wanauchumi Samuel Bentolila na Juan José Dolado walieleza tangu miaka ya 1990 kwamba wafanyakazi wa muda wanakuwa mto wa kuangukia kwa wale wa kudumu: hatari ya kupunguzwa ikiwa juu ya wengine, aliye salama hudai mshahara bila hofu. Kamati ya 2009 haikuhitaji chuki ili ifanye hivyo. Ilitosha kwamba waliokuwa chumbani walikuwa wa umri mmoja. Laiti makubaliano ya 1986 yangekuwa na tarehe ya mwisho, suala hilo lingerudi mezani kila baada ya miaka michache, na mwaka mmojawapo Fundi angekuwemo. Mzee mwenyewe, nilipomuuliza angebadilisha nini, hakutaja kura ya 2009. Alitaja karatasi ya 1986.

Hesabu ya siku 16 nayo ifundishwe kama mfano wa hesabu isiyokamilika. Ilipima bei ya kumwondoa mtu na ikaacha bei ya kubaki bila anachokijua. Ofisa utumishi anayepanga kupunguza watu aanze na orodha ya nani anajua kuendesha nini, ndipo aje kwenye gharama za fidia.

Mageuzi ya 2021 yamefaulu katika jambo kubwa: sehemu ya waajiriwa wa muda imeshuka sana, na kijana wa miaka 21 aliyeingia kiwandani hapo 2022 alisaini mkataba wa kudumu siku ya kwanza bila kujua kwamba ni jambo la kushangaza. Hatari imehamia kwingine: kote nchini, idadi ya wanaoachishwa ndani ya kipindi cha majaribio cha mikataba ya kudumu imeongezeka mno. Kwa hiyo kamati inayofuatilia aina ya mkataba peke yake inatazama mahali ambapo tatizo limekwisha kuhama.

Na kama Binti asingeomba zile karatasi mbili, ubadilishaji wa 2022 ungefuta miaka 8 ya watu ishirini huku wakipiga makofi. Sheria ilibadilisha jina la mkataba, lakini tarehe ilibaki ya kuombwa.

Kwenye nakala ya makubaliano iliyosainiwa kuna sentensi moja ya mwandiko pembeni, yenye herufi za kwanza za pande zote mbili. Fundi aliiandika kikao kilipokuwa kinafungwa: kila atakayeletwa na wakala, tarehe yake ya kuingia ni siku aliyopita mlangoni mara ya kwanza.